Stroberi zinanyauka na sitaki kufukiza udongo kwa sumu

SWALI: Bwana shamba habari za kazi. Nina kipande nilikuwa nalima nyanya misimu mingi, mwaka jana nikaweka stroberi, zikashika vizuri tu, ila zilipoanza kubeba matunda na jua likawa kali majani ya nje yakakauka, ya katikati yakabaki kijani lakini yamedumaa. Naambiwa nifukize udongo kwa kemikali kabla sijapanda tena, mi sitaki, watoto wanapita hapo kila siku. Njia nyingine ipo?

JIBU: Ipo dada yangu, tena zaidi ya moja. Kwa dalili hizo mi nashuku mnyauko wa fangasi anaitwa Verticillium, na huyo huenda alishazoea hapo tangu enzi za nyanya maana nyanya, viazi mviringo, biringanya na pilipili zote anazila, halafu anakaa udongoni miaka na miaka. Ila kwanza ng'oa mche mmoja uangalie mizizi, ikiwa myeusi imeoza na udongo unatota, shida yako ni maji kutuama, inua matuta sentimita 20 hadi 30 kabla ya yote.

Hiyo ya kufukiza wakulima wakubwa wa stroberi waliitegemea sana, gesi ya methili bromaidi, inaua kila kitu udongoni kizuri na kibaya. Ikaonekana inaharibu tabaka la ozoni, basi kwa Mkataba wa Montreal nchi tajiri zikatakiwa kuiacha ifikapo 2005 na zinazoendelea 2015, ukiacha matumizi machache yaliyoruhusiwa. Hapo ndo watu wakazigeukia kwa nguvu njia nitakazokwambia.

Ya kwanza ni jua. Subiri kipindi cha joto kali, ondoa masalia yote, lima, vunja mabonge, sawazisha kabisa halafu mwagilia mpaka maji yazame chini, hapa wengi wanafanya haraka na ndipo wanapoharibu kwa sababu udongo mkavu haupitishi joto vizuri. Tandika nailoni inayoonyesha, sio nyeusi, ilale imegusa udongo, kingo uzifukie kwenye mtaro pande zote. Ukiona matone ya maji yamejaa kwa ndani ujue umefunika vizuri. Iache wiki 4 hadi 6, watoto wasiikanyage maana ikitoboka joto linatoka. Ukifunua usilime tena kwa kina, utapandisha juu udongo ambao haukupata joto.

Kama jua lako si la kuaminika sana, changanya kwenye udongo pumba laini za mpunga, sio maganda, kama kilo 2 kwa kila mita moja ya mraba, mwagilia mpaka udongo ushibe, funika kwa nailoni isiyopitisha hewa wiki 3 hivi. Bakteria wanakula zile pumba wanamaliza oksijeni, wanatoa asidi ambazo fangasi hawazivumilii, ukisikia harufu ya kuoza usishtuke, inafanya kazi hiyo. Nayo inataka udongo wenye joto kidogo, kwenye baridi kali haiendi. Ukifunua acha hewa ipite wiki moja au zaidi ndo upande.

Baada ya hapo weka mboji iliyoiva. Samadi mbichi hapana kabisa, inaunguza mizizi na matunda ya stroberi yanalala karibu na udongo, vijidudu vya kinyesi vinaingia mdomoni mwa hao hao watoto. Majivu nayo usimwage bila kupima, stroberi inataka pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ya 5.5 hadi 6.5 na majivu yanaipandisha.

Na miche dada usitoe kwenye ile ya zamani hata kama mingine inaonekana mizima, inaweza kuwa na ugonjwa ndani na haujajionyesha. Tafuta kwa mtu anayezalisha miche safi.