Kibanda cha mita 3 kwa 4 kwa familia ya watu watano

Umeuliza kama kibanda cha turubai cha ukubwa huo kinawatosha. Hakitoshi, ndugu. Hiyo ni mita za mraba 12 tu. Kipimo cha chini katika mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada huutumia, ni mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, na hapo jiko na bafu havijahesabiwa. Watu watano ni 17.5, kwa hiyo jenga mita 3.5 kwa 5. Kwenye baridi kali kipimo hupanda hadi 4.5 au zaidi, kwa sababu kupika na kuoga vinahamia ndani.

Urefu nao usiupuuze. Kwa joto la kwetu mwongozo unataka angalau mita 2.6 pale juu kabisa, maana turubai likipigwa na jua la saa nane mchana, kibanda kifupi hakikaliki, hasa kukiwa na mtoto mchanga. Acha pia mita 2 au zaidi kati yako na jirani ili moto usiruke kutoka kibanda kimoja hadi kingine.

Nimesaidia kujenga vibanda vya namna hii baada ya mafuriko, na vingi viliharibika kwa kosa moja: msumari kupigwa moja kwa moja kwenye turubai. Upepo unaanza kuchana palepale kwenye tundu. Zungushia ukingo wa turubai kwenye ufito mara mbili ndipo upigilie, na chini ya kichwa cha msumari weka kizibo cha soda. Mfereji wa kuondoa maji ya mvua uchimbeni siku hiyohiyo, kabla hamjaingiza magodoro.