Goti limevimba, daktari anasubiri nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu alianguka na bodaboda Himo Jumamosi. Picha inaonyesha mfupa wa muundi umepasuka juu, ndani ya goti, pande zote mbili. Wamemfunga vyuma vya nje na kusema upasuaji ni baada ya siku kumi au zaidi, tena watachana sehemu mbili. Nyumbani wanasema tunazungushwa, uvimbe uchuliwe kwa maji ya moto ushuke upesi. Kwa nini wasipasue sasa, mara moja, katikati ya goti? – Dada wa mgonjwa, Moshi

JIBU: Marahaba. Hamzungushwi. Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na anayeuliza huwa ameshaambiwa na mtu kwamba achue.

Mfupa huu unaweza kusubiri wiki mbili. Ngozi ndiyo hailazimishwi. Pitisha kidole mbele ya muundi wako: ukitoka kwenye ngozi umefika mfupani, nyama hakuna. Ikivimba inakaza na kung'aa, kisha inatoa malengelenge. Ukiichana siku hiyo haifungiki, na ukiivuta kwa nguvu inakufa, chuma kinabaki wazi na usaha unaingia gotini. Ndiyo maana kila asubuhi tunainama kuitazama. Mikunjo midogo ikianza kurudi, tunapanga siku.

Mchano mmoja wa katikati ulifanyika sana zamani. Ili kufika pande zote mbili ilibidi kubandua ngozi na nyama kulia na kushoto, na kuukatia damu mfupa ambao tayari umevunjika. Vidonda vingi vilifumuka. Leo, kwa mvunjiko kama wa mdogo wako, mchano mmoja unapita mbele kwa upande wa nje, mwingine nyuma kwa upande wa ndani, na kati yao inabaki ngozi pana isiyoguswa. Kwa ule wa nje tunainua uso wa goti uliodidimia, tunajaza pengo chini yake, mara nyingi kwa mfupa wa nyonga yake mwenyewe, kisha tunakaza chuma. Kwa ule wa ndani tunashika kipande cha nyuma ambacho eksirei ya kawaida hukificha. Mwombeni daktari awaonyeshe kwenye siti skani. Kipande hicho kikiachwa kinateleza chini, na mguu unaingia matege hata kama picha ya kwanza ilipendeza.

Sasa kuchua. Nilimpokea kijana wa miaka kumi na tisa siku ya tano, mguu umebanwa kwa vijiti na kamba za mgomba, umepakwa mafuta hadi pajani. Nilipokata kamba, vidole vilikuwa baridi na hakuweza kuinua wayo. Nyama ya chini ya goti ilikuwa imeshakufa. Familia yake ilimpenda, na ilimlipa mtu kwa kazi ile.

Nyama za mguu zimefungwa ndani ya mifuko isiyotanuka. Damu ya mvunjiko inajaa humo. Ukichua, vipande vinasagana na kuvuja zaidi, na maji ya moto yanaongeza damu nyingine. Shinikizo likipanda, mishipa midogo inafungwa na nyama zinaanza kufa kwa saa chache tu. Nyuma ya goti pana mshipa mkubwa wa damu, na nje yake, chini kidogo, neva inayoinua wayo. Mchuaji haoni kimojawapo. Anayesema "mfupa nimeusikia ukirudi" amesikia vipande vikisuguana, basi.

Hili ni kwenu na kwa kila mwenye mgonjwa wa namna hii, awe wodini au bado nyumbani. Maumivu yakizidi dawa, yakipanda mnapomnyoosha vidole vya mguu kuelekea juu, au wayo ukifa ganzi, hapo hatusubiri ngozi wala mikunjo. Mguu unapasuliwa siku hiyo hiyo, ile mifuko ya nyama ifunguliwe na shinikizo lishuke. Akiwa wodini muiteni muuguzi, akiwa nyumbani mpelekeni hospitali, muda huo huo, hata kama ni saa nane za usiku.