Monki ana spidi 45, kwa nini haruki futi 30?

SWALI: Mambo vipi, tunacheza Dungeons & Dragons (gemu ya mezani ya kuigiza wahusika kwa kete) kwa sheria za 2014, mi nina monki, yaani mtawa mpiganaji, wa leveli 9, yule wa kupigana mikono mitupu, spidi yake futi 45 kwa zamu na alama yake ya Nguvu ni 10. Juzi tukafika kwenye korongo upana futi 30, kina futi 60, nikasema naruka, mwendesha gemu akagoma. Nikasema basi nakimbia kwenye ukuta wa pembeni unaounganisha ng'ambo mbili, akagoma tena eti ukutani unapanda juu tu, huendi pembeni. Tumebishana mpaka gemu ikaishia hapo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kila mtu ana kosa lake hapa, na tuanze na lako.

Spidi siyo urefu wa kuruka bana. Spidi ni bajeti yako ya kutembea kwenye zamu, lakini kuruka kunapimwa na Nguvu, yaani ukikimbia kwanza futi 10 unaruka futi sawa na namba yako ya Nguvu, ukiruka umesimama ni nusu yake, na kila futi unayoruka inakatwa kwenye ile bajeti. We una 10, so unaruka 10. Ukitumia pointi moja ya ki, ile nguvu ya ndani ya monki, kwa ule uwezo wa hatua za upepo inazidishwa mara mbili, 20, bado umebakiza futi 10 za hewa tupu. Watu wengi wanajichanganya hapa kwa sababu monki anaonekana mwepesi kichwani mwetu, kumbe kitabuni wepesi wake uko miguuni, sio kwenye kuruka.

Sasa ukuta. Hapo mwendesha gemu wako kachemka. Kuanzia leveli 9 monki asiyevaa deraya wala kushika ngao anatembea kwenye ukuta uliosimama wima na juu ya maji pia, na sheria haijasema popote kwamba ni kwenda juu tu. Futi 30 za ukuta kwenye bajeti ya 45 zinatosha na chenji inabaki. Sharti ni umalize mwendo ukiwa umefika ng'ambo, maana kinga ya kutodondoka ni ya wakati unatembea tu, ukisimama katikati unashuka kama embe.

Alafu hata ungedondoka! Kudondoka futi 60 unarushiwa kete 6 za pande sita kupata dameji, yaani maumivu, ya juu kabisa 36, na monki wa leveli 9 akitumia riaksheni yake, ile nafasi ya kujibu tukio papo hapo, anapunguza dameji hiyo kwa 45. Unatua salama, zamu inayofuata unatumia akshen yako, yaani tendo lako la zamu, kukimbia, bajeti inazidishwa mara mbili inakuwa 90, unapanda ukuta wa pili futi 60 unatokea juu. Yaani sijui alikuwa anakukinga na nini.