Mshahara wa Ujerumani uingie akaunti gani?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi, nina miaka 29, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma. Nimepata mkataba katika hospitali moja huko Leipzig, Ujerumani, na naondoka mwezi ujao. Suala la benki linaninyima usingizi. Dada mmoja Mtanzania aliyetangulia kule anasema mshahara wa kwanza uingie kwenye akaunti yake, halafu atanipa mkononi. Kaka yangu anataka nifunge akaunti yangu ya hapa, eti makato ya kila mwezi yataila bure. Na kuna mtu kanitajia akaunti ambayo lazima uweke euro 11,904 ndipo upewe viza. Hela hizo sina. Nifungue akaunti ya aina gani? Mama yangu yuko Kongwa na ananitegemea.

Muuguzi wa Nkuhungu

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Hilo la euro 11,904 nikuondolee kwanza. Akaunti hiyo Wajerumani huiita Sperrkonto. Unaweka fedha ya kujikimu mwaka mzima, kisha unaruhusiwa kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Kiasi hicho kilipangwa kwa ajili ya wanafunzi. Wewe unakwenda na mkataba wenye mshahara, na mshahara huo ndio unaoonyesha kwamba utajimudu. Shika orodha ya nyaraka ya ubalozi wao pale Dar es Salaam. Kama Sperrkonto haimo kwenye orodha yako, usimpe mtu hata shilingi ya kukufungulia.

La huyo dada, jibu langu ni hapana. Simjui, na huenda ana nia njema kabisa. Lakini kabla ya kwenda kutunza wazee Hannover, huko huko Ujerumani, nilikaa kaunta ya benki hapa mjini miaka 12, na nimeona ndugu wa tumbo moja wakigeuka maadui mbele ya dirisha langu kwa sababu ya fedha iliyopitia akaunti ya mmoja wao. Fedha ikishaingia kwenye akaunti ya mtu, kwa macho ya benki ni yake. Akiwa na deni, benki inaweza kulikata humo humo kabla hata yeye hajaigusa. Na wewe utakuwa huna karatasi yenye jina lako ya kumwonyesha mwenye nyumba kwamba unalipwa.

Badala yake, waandikie ofisi ya utumishi ya hospitali yako wiki hii. Waulize: namba ya akaunti iwafikie kabla ya tarehe ngapi ili niingie kwenye malipo ya mwezi wa kwanza? Swali hilo sikuuliza mimi, na mshahara wangu wa kwanza ulilala mpaka mwezi uliofuata. Kwa hiyo beba euro za kukutosha wiki sita za chakula na nauli, hata kama itabidi uchukue fungu lako la kikoba mapema.

Ukifika, jambo la kwanza ni kujiandikisha makazi kwenye ofisi ya mji. Sheria yao inakupa wiki mbili tangu uhamie. Wanakupa cheti cha makazi, na hicho pamoja na pasipoti, viza na mkataba ndivyo unavyokwenda navyo benki. Unachoomba kinaitwa Girokonto, yaani akaunti ya kawaida ya mshahara na malipo. Namba yake, IBAN, inaanza na DE na ina herufi na tarakimu 22. Ukikosea moja utasumbuka, kwa hiyo iombe kwa karatasi, usiinakili kwa mkono.

Kuna benki za simu zisizo na matawi, hazina makato ya mwezi, na vijana wengi wanazipenda. Kwako, kwa mwaka wa kwanza, sizipendi. Nyingine zinakuthibitisha kwa video na hazikubali pasipoti ya kila nchi, na likitokea tatizo unabaki kuandikiana na mashine. Kijerumani ulichosoma ni cha wodini, cha vidonda na dripu. Cha benki ni kigumu kuliko hicho. Tafuta benki yenye tawi unaloweza kufika kwa miguu baada ya zamu, kama Sparkasse au Volksbank, hata kama utalipa euro kadhaa kila mwezi. Hapo utaongea na mtu, na karatasi usiyoielewa utaipeleka ukaelezwe. Ukishazoea unaweza kuhama, na sheria inailazimisha benki mpya ikusaidie kuhamisha malipo yako yote.

Wakikukatalia, usiondoke kichwa chini. Tangu mwaka 2016 kila anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya ana haki ya akaunti ya msingi, kwa Kijerumani Basiskonto. Itamke hivyo hivyo, omba fomu, ijaze. Benki ina siku 10 za kazi kukufungulia au kukueleza sababu ya kukataa.

Mhudumu atakuonyesha pia kitu kinachoitwa Dispo. Ni ruhusa ya kutoa hela zaidi ya salio lako. Inaonekana kama msaada, ila ni mkopo, na riba yake ni ghali sana. Mwambie hapana, au kiwango kiwe kidogo kabisa. Kule kodi ya nyumba, simu, hata ada ya redio na televisheni ya euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, vyote vinaweza kuvutwa vyenyewe kutoka kwenye akaunti, na ukiwa na Dispo utaingia kwenye deni bila kujua. Mtu akivuta bila ruhusa yako, una miezi 13 ya kuiambia benki irudishe, na kama ulimruhusu ila hukubaliani na alichovuta, una wiki 8, kwa hiyo pitia taarifa ya akaunti kila mwezi.

Sasa akaunti ya hapa. Tafadhali usiifunge. Acha salio la kubeba makato, na kila baada ya miezi michache pitisha kitu humo ili isilale. Ila linda laini ya simu kuliko hata kadi. Mimi yangu nilimwachia mdogo wangu Chang'ombe, naye hakuitumia, ikafungwa. Namba za uthibitisho za benki zilikuwa zinakuja kwenye laini ile. Mama yetu akalazwa Mpwapwa, mimi nina shilingi 1,400,000 kwenye akaunti ya nyumbani na siwezi kugusa hata mia. Kusajili laini kunataka alama ya kidole, na kidole changu kilikuwa Hannover. Ndugu zangu walikopa kwa jirani muuza zabibu ndipo mama akatibiwa. Machozi niliyolia usiku ule sitaki yakupate. Kabla hujapanda treni, nenda dukani kwa mtandao wako uwashiwe huduma ya kutumia laini nje ya nchi, safiri nayo, na uiwekee vocha. Benki uwaambie unahama, uwape na barua pepe yako. Kadi na namba ya siri usimwachie kaka.

Kumtumia mama, usiangalie ada peke yake. Tuseme euro 1 sokoni ni shilingi 2,900 na unatuma euro 200. Kampuni ya kwanza inajitangaza haina ada, ila inakubadilishia kwa 2,800, mama anapata 560,000. Ya pili inakata euro 2 na kubadilisha kwa 2,890, mama anapata 572,220. Kwa hiyo kila mara uliza: kwa euro hizi, Kongwa zitafika shilingi ngapi? Kwa matumizi ya mwezi, mtumie moja kwa moja kwenye simu yake, atoe kwa wakala hapo jirani. Ukija kutuma kikubwa, cha kiwanja labda, tumia benki kwa benki, na uulize mapema kama kuna benki ya katikati itakayomega njiani.

Na hili dogo usilisahau. Kadi yako ya benki itakuja kwa posta, na namba ya siri katika bahasha nyingine, siku nyingine. Siku unapopewa ufunguo wa chumba, bandika jina lako kwenye sanduku la barua pale mlangoni, lile lile lililo kwenye pasipoti. Langu halikuwepo, kadi ikarudishwa ilikotoka, na nikangoja wiki tatu nyingine.