Udaktari Uingereza: maswali yenu ya msimu huu

Mwezi wa sita ukishaingia tu maswali ya udaktari yanaanza kumiminika, na yanawahi kuliko ya kozi zingine kwa sababu dirisha la udaktari kule UCAS, mfumo wa Uingereza wa kuombea vyuo, linafungwa tarehe 15 Oktoba saa 12 jioni kwa saa za Uingereza, wakati kozi nyingi zinasubiri mpaka Januari. Nimechukua yale yanayojirudia sana. Soma hata swali ambalo si lako, jibu la mwenzako linaweza kukuokolea hela nyingi.

Shikamoo dada. Niko kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), hapa Moshi, natarajia division one. Naweza kuaplai moja kwa moja kwa matokeo ya NECTA au mpaka nirudie A-Level za Cambridge?

Marahaba mdogo wangu. Hakuna jibu moja la vyuo vyote na hapo ndipo wengi wanapotea. Udaktari kule kwa kawaida wanataka AAA kwenye A-Level, Kemia ikiwemo na mara nyingi Baiolojia pia, au IB, ile diploma ya kimataifa ya sekondari, yenye alama za juu. Kwa cheti chetu cha kidato cha sita kila chuo kina msimamo wake, wengine watakwambia upite foundesheni kwanza, yaani mwaka wa maandalizi kabla ya digrii, na hapo kuna mtego mwingine kwa sababu vyuo vingi vya udaktari havipokei foundesheni yoyote ile, vina orodha fupi ya zile wanazozikubali, kwa hiyo unaweza ukalipa mwaka mzima wa foundesheni halafu mlango wa udaktari ukabaki umefungwa vilevile. Waandikie ofisi ya udahili ya kila chuo unachokitaka, imeili fupi tu, taja ACSEE, yaani cheti chetu cha kidato cha sita, na masomo yako matatu, uliza wazi kama wanaipokea kwa udaktari, na jibu litunze. Fanya hivyo kabla hujalipia kitu chochote.

Halafu zungumza na mwalimu wako mapema. Oktoba utakuwa bado hujafanya mtihani wa taifa, kwa hiyo shule inatakiwa iandike makadirio ya matokeo yako na barua ya kukutambulisha, na shule nyingi kwetu hazijawahi kuijaza hiyo fomu. Mpe muda.

Dada habari, nilipata A- ya KCSE, niko Eldoret. Hiyo si inatosha?

Kwa udaktari wa Uingereza haitoshi, pole. KCSE inakomea fomu foo, wenzetu wanaihesabu kama ngazi iliyo chini ya A-Level, kwa hiyo utahitaji A-Level au IB, karibu miaka miwili, au foundesheni inayokubalika kama nilivyomwambia mwenzako wa Moshi. A- yako ni kazi kubwa na hapo Kenya inaweza kukufikisha mbali, usiidharau.

Assalaam alaykum. Sisi ni wazanzibari tunaishi Muscat, binti yangu anamaliza A-Level mwakani. Watoto wana pasipoti za Uingereza, kwa hiyo nimehesabu ada ya pauni elfu 9 na kidogo kwa mwaka. Niko sawa?

Waalaykum salaam kaka yangu. Nasikitika kukwambia hesabu hiyo haiko sawa, na nakujibu kwa urefu kwa sababu familia nyingi za Ghuba zinagundua jambo hili zikiwa zimeshachelewa. Pasipoti peke yake haikupi ada ya mwenyeji. Wanachoangalia ni kwamba binti awe na haki ya kuishi Uingereza moja kwa moja NA awe amekuwa akiishi huko kwa miaka 3 kabla ya kozi kuanza, maisha yake ya kawaida yawe kule, siyo kwenda likizo kwa shangazi. Kama amekulia Muscat basi kwa kawaida watamuweka fungu la wageni, isipokuwa uweze kuonyesha kwamba familia ilitoka Uingereza kwa muda tu kwa ajili ya kazi, na hapo chuo kitataka ushahidi wa maandishi.

Sasa tofauti ya pesa. Mwenyeji wa England analipa pauni 9,535 kwa mwaka kwa viwango vya mwaka wa masomo 2025/26. Mgeni wa udaktari analipa kuanzia thelathini na kitu elfu mpaka zaidi ya elfu 60 kutegemea chuo, na vyuo vingine vinapandisha akifika miaka ya wodini. Chukua chuo cha pauni 45,000, mara miaka 5, ni pauni 225,000, hapo hajala, hajalala, hajapanda basi. Mkopo wa serikali ya kule mgeni hapati. Na pia nafasi zenyewe ni chache, England wanabana wanafunzi wa kigeni wa udaktari wasizidi takribani asilimia 7.5 ya nafasi, na viko vyuo visivyochukua mgeni hata mmoja, kwa hiyo binti anaweza kuwa na alama nzuri kabisa akapoteza chaguo zima kwa kuomba chuo ambacho hakimchukui. Chaguo za udaktari ni 4 tu kwenye fomu, ile ya 5 lazima iwe kozi nyingine. Kaeni na mama yake mpige hesabu ya miaka yote mitano kabla binti hajaanza kuchagua vyuo, maana kumtoa mtoto mwaka wa tatu kwa kukosa ada kunaumiza kuliko kumwambia ukweli leo.

UCAT ni nini hasa na BMAT bado ipo? Nasikia mnaongea tu.

Zote ni mitihani ya kuombea udaktari. BMAT imekufa, mara ya mwisho ilifanyika 2023. Ukikuta mtu anakuuzia vitabu vya BMAT achana naye. Sasa karibu vyuo vyote ni UCAT.

UCAT ni mtihani wa kompyuta wa kama saa mbili hivi, unafanyika kati ya Julai na Septemba kwenye vituo vya Pearson VUE, mara moja tu kwa mwaka na alama zake zinatumika kwa msimu huohuo. Mwaka 2025 waliokuwa nje ya Uingereza walilipa pauni 115. Kuna sehemu ya kusoma na kuelewa, maswali 44 kwa dakika 22, yaani nusu dakika kwa swali pamoja na kusoma habari yenyewe, kuna ya kufanya maamuzi, kuna ya hesabu, na ya mwisho ya mwenendo kazini. Ile ya maumbo waliiondoa 2025, kwa hiyo jumla sasa ni 2,700 siyo 3,600, mkilinganisha alama na kaka zenu wa miaka ya nyuma kumbukeni hilo. Swali ukikosea hawakukati alama, usiache kitu wazi.

Wengi mnahofia hesabu lakini mimi naona wanafunzi wetu wanaumia kwenye sehemu ya mwenendo. Swali litakuja hivi: mwanafunzi yuko wodini anamuona daktari mkubwa hajanawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, afanye nini. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, ukimsahihisha mbele za watu umekosa adabu, kwa hiyo mtoto anachagua kunyamaza au kungoja mpaka amwambie mwalimu wiki ijayo, na anapoteza alama. Pale wanataka useme, kwa upole, kwa staha, lakini useme palepale kwa sababu mgonjwa ndiye wa kwanza. Unaweza kubaki na heshima zako zote na bado ukasema, hata kwetu muuguzi mzuri anafanya hivyo kila siku. GMC, baraza la madaktari la Uingereza, wameweka mwongozo wao wa maadili bure onlaini, usome wote, ndio msingi wa ile sehemu. Na tovuti ya UCAT yenyewe ina mitihani ya mazoezi ya bure, malizeni hiyo kwanza kabla ya kununua kozi za watu.

Faida moja, alama za UCAT unazipata ndani ya saa 24 hivi, yaani kabla hujachagua vyuo. Kama umepata ndogo usipeleke kwenye vyuo vinavyochuja kwa UCAT, tafuta vinavyotazama zaidi matokeo ya darasani.

Kuna wakala hapa Dar anataka milioni 6, anasema ana nafasi ya uhakika ya udaktari. Baba anataka kulipa Ijumaa.

Mzuie mzee asilipe. Hakuna binadamu mwenye nafasi ya uhakika ya udaktari Uingereza, mwenye nafasi ni chuo, na chuo kinataka UCAT, kinataka intavyu, vyote unavifanya wewe mwenyewe. Ada ya kuaplai UCAS haifiki pauni 30 kwa chaguo zote tano. Muulize huyo wakala ni kozi gani hasa anayokuombea, kwa sababu mchezo unaojulikana ni kukuingiza kozi ya baiomedikali halafu wanakwambia utahamia udaktari mwaka wa pili. Kuhama hivyo ni nadra sana, vyuo vingi haviruhusu kabisa, na utajikuta umelipa digrii nzima ya kitu usichokitaka. Mwambie baba kwa heshima, muoneshe na hii ukiweza.

Mimi wa Mwanza, nyumbani hakuna daktari hata mmoja, sijawahi kufanya kazi hospitali. Kwenye maelezo binafsi nitaandika nini?

Mdogo wangu, hawatafuti mtoto wa daktari. Siku hizi maelezo yamegawanywa maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini cha kukuandaa. Jumla herufi 4,000 na kila jibu lisipungue 350. Kama umemuuguza bibi mwenye kisukari, ukamkumbusha dawa, ukapanga foleni naye kliniki kuanzia alfajiri, hayo ni mambo mazito kuliko wiki moja ya kusimama nyuma ya daktari. Lakini usiishie kusimulia, eleza uliona nini: bibi aliacha dawa kwa sababu gani, nani alimshawishi arudi, kazi ya udaktari inachosha wapi. Nenda pia zahanati ya karibu omba kujitolea, hata kupanga mafaili. Na usinakili ya mtu, UCAS wana mfumo unaolinganisha maandishi na vyuo vinaarifiwa.

Dada yangu, niko Reading, kijana wangu ana makazi ya kudumu na amesoma hapa tangu darasa la nne, lakini shule yake ni ya kawaida sana na alama zinakadiriwa ABB. Tukate tamaa?

Hapana mama, msikate. Huyo ni mwenyeji kabisa, ada ya mwenyeji na mkopo anapata, na kuanzia mwaka wa tano NHS, huduma ya afya ya taifa kule, wanamlipia ada. Mwangalieni kozi za kuingilia (gateway), yaani udaktari wenye mwaka mmoja wa ziada, miaka 6, King's College London wanayo, Southampton wanayo, zimewekwa makusudi kwa watoto wa shule za serikali na familia ambazo hazina mtu aliyefika chuo kikuu, na alama wanazodai ni za chini kidogo. Masharti ni ya ndani sana, mpaka postikodi ya nyumba wanaitazama, someni mstari kwa mstari.

Intavyu zikoje?

Nyingi ni vituo vifupi vifupi, unazunguka kimoja baada ya kingine, dakika chache kila kimoja, hapa mgonjwa wa kuigiza amekasirika, pale swali la maadili. Oxford na Cambridge wao wanakukalisha na walimu mnafikiri pamoja kuhusu sayansi. Jizoeze kuongea kwa sauti na mtu anayekusikiliza, siyo kukariri.

Baba anasema nisome Muhimbili kwanza, Uingereza baadaye. Naona kama ananikatisha ndoto.

Mimi niko na baba yako. Skolaship za digrii ya kwanza ya udaktari Uingereza kwa mgeni karibu hazipo, wakati ukishamaliza MD yako unafungukiwa na skolaship ya Chevening ya serikali ya Uingereza na zile za Jumuiya ya Madola kwa masters, na zinalipa ada pamoja na kuishi. Ukitaka kufanya kazi kule kuna PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje ya Uingereza, sehemu ya pili inafanyika Manchester, japo usiamini wanaosema ukifaulu kazi inakusubiri, ushindani wa kazi sasa hivi ni mkali mno. Na Muhimbili utaona wagonjwa wengi kwa mikono yako kabla mwenzako hajaruhusiwa kusogea kitandani. Hiyo ndoto haijakatwa.

Nina ofa tayari! Viza nianzie wapi?

Hongera sana jamani! Pesa ya ada ya mwaka wa kwanza na ya kuishi miezi 9 ikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka, akaunti ya mzazi inakubalika ukiwa na cheti cha kuzaliwa na barua yake. Tozo ya afya ya viza (IHS), inayokupa haki ya kutibiwa NHS, ni pauni 776 kwa mwaka na unalipa ya miaka yote kwa mkupuo, zaidi ya 3,800, watu wengi inawashtua. Ukitokea Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo lazima upime kifua kikuu kwenye kliniki waliyoiidhinisha wao, siyo hospitali yoyote. Cheti chake kinadumu miezi 6, kwa hiyo usikimbilie kupima Januari kwa viza utakayoomba Agosti.