Kabla ya kufunga turbo kubwa kwenye Subaru yako ya Nairobi

Vijana wenye Impreza na Forester huniuliza swali moja kila mara: nifunge turbo gani gari litoe nguvu za farasi 400? Kabla ya kujibu huwa nauliza gari linaendeshwa wapi. Wengine hudhani nakwepa swali, lakini jibu lote linaanzia hapo. Turbo ni pampu ya hewa: moshi wa injini unazungusha tabini, na tabini kupitia shafti inazungusha kompresa inayosukuma hewa ndani ya injini. Na hewa ya Nairobi si hewa ya Mombasa. Ushauri mwingi unaosomwa kwenye intaneti umeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari na wanaotia petroli tusiyoipata hapa. Ukiufuata kama ulivyo, utanunua turbo nzuri ya gari la mtu mwingine.

Nina WRX, yaani Impreza yenye turbo, ya mwaka 2003, injini ya EJ20 ya lita mbili, na nimeshinda sana kwenye gereji za Industrial Area nikishika tochi wakati turbo zinashushwa na kupandishwa, za kwangu na za marafiki. Kwa hiyo nitaongea zaidi kuhusu Subaru. Mwenye Mitsubishi Evo au Toyota Chaser anaweza kutumia hesabu hizi hizi.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Pwani, presha ya hewa ni bari 1 na kidogo (bari ni kipimo cha presha). Hapa kwetu ni kama 0.82. Gari lisilo na turbo linalopandishwa kutoka Mombasa hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na ukiendelea mpaka Limuru au Eldoret, ambako unapita mita 2,000, linazidi kuchoka. Gari la turbo huficha upungufu huo kwa sababu turbo inafanya kazi ya ziada kuujazia. Hiyo kazi ya ziada ndiyo watu huisahau wanapochagua.

Geji inachangia kuwapoteza. Geji nyingi tunazobandika kwenye dashibodi hupima tofauti kati ya presha inayoingia kwenye injini na hewa ya nje. Ikionyesha bari 1 ukiwa Mombasa, injini inakula jumla ya bari 2. Ikionyesha bari 1 ukiwa Thika Road, injini inakula 1.82 tu, ingawa sindano imesimama palepale. Ukitaka injini ya Nairobi ile bari 2 kamili, turbo lazima iichukue hewa ya 0.82 na kuikandamiza takriban mara 2.4, wakati ya Mombasa inaikandamiza mara 2. Shafti itazunguka kwa kasi zaidi, hewa itatoka ikiwa moto zaidi, na intakula, kile kifaa cha kuipoza hewa hiyo, itabeba mzigo mkubwa zaidi.

Sasa hesabu, na usiiruke, maana ndiyo inayokuokolea pesa. Injini ya lita mbili kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, ikilishwa bari 2 za hewa iliyopozwa vizuri, inameza karibu paundi 30 za hewa kila dakika. Mafundi hukadiria kwamba kila paundi ya hewa kwa dakika inakupa farasi 10 hivi kwenye injini, kwa hiyo hapo tuna kama 300. Watengenezaji wakubwa wa turbo hutoa ramani ya kila kompresa: mstari wa chini ni kiasi cha hewa, mstari wa kusimama ni uwiano wa presha, na katikati kuna duara zinazoonyesha kompresa inafanya kazi vizuri wapi. Mtu wa Mombasa anaweka kidole kwenye 30 na uwiano wa 2. Wewe wa Nairobi unatafuta uzito ule ule wa hewa, lakini hewa yako ni nyepesi, hivyo kompresa inabidi ivute ujazo mkubwa zaidi ili kuupata. Ukisahihisha kwa ajili ya wepesi huo, zile paundi 30 zinasomeka karibu 37 kwenye ramani, na uwiano ni 2.4. Kidole chako kimehama kulia na juu. Ongeza kidogo kwa sababu ya kichujio cha hewa na mabomba, na kinahama tena.

Ndiyo maana turbo ndogo ya TD04 inayokuja na WRX nyingi huishiwa pumzi mapema huku kwetu. Ukiisukuma zaidi inachemsha hewa tu, na gari halipati nguvu yoyote mpya. TD05 yenye kompresa ya 16G, ambayo watu wengi huipandia kwanza, itafika 300 pwani bila kulalamika. Nairobi itafika pia, lakini ikiwa imebanwa kwenye ukingo wa ramani, inazunguka kwa kasi isiyoifaa kwa muda mrefu. Anayetaka 300 za kweli hapa, za kila siku, aanzie 18G, kompresa iliyo kubwa kidogo kuliko 16G. Mimi nimebaki na 16G na nikamwambia fundi asiifukuze hiyo 300. Nimeridhika na pungufu yake, kwa sababu turbo inaamka mapema na haifanyi kazi huku imekaba koo.

Vipi basi ukiruka moja kwa moja kwenye turbo kubwa ya kampuni ya Garrett, ya daraja la GTX3076R, ambayo uwezo wake unapita farasi 600? Ni turbo iliyotengenezwa vizuri sana, sina neno nayo. Lakini kwenye lita mbili itakufanya usubiri mpaka mizunguko 4,500 au zaidi ndipo iamke, na kwenye hewa yetu inasogea mbele kidogo tena, maana kabla presha haijajengeka injini inatoa moshi mchache wa kuzungusha tabini. Isitoshe, ukidai uwiano wa presha ulio juu wakati injini bado inameza hewa kidogo, unaingia upande wa kushoto wa ramani, ambako hewa inarudi nyuma kupitia mabapa ya kompresa. Utaisikia turbo ikitweta wakati mguu bado uko kwenye petroli. Hiyo sauti si ya kujivunia. Inagonga beringi za msukumo ndani ya turbo, zile zinazozuia shafti isisogee mbele na nyuma, na zikilegea shafti inaanza kucheza.

Fikiria barabara unazoendesha hasa. Uko nyuma ya lori linalopanda kutoka Mai Mahiu, nafasi ya kupita imefunguka kwa sekunde chache, uko gia ya tatu kwenye mizunguko 3,000. Unahitaji nguvu hapo hapo. Gari lenye turbo ya wastani limeshapita na kurudi upande wake. Lenye turbo kubwa bado linavuta pumzi, kisha nguvu zote zinakuja kwa mkupuo ukiwa sambamba na lori. Nimekuwa abiria kwenye gari la namna hiyo na sikupenda. Gari la barabarani linapimwa kati ya mizunguko 2,800 na 5,500. Namba ya kilele inayotoka kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu za gari, utaikuta mara chache sana maishani, na ikiwa ni mbio unazotaka, zipeleke kwenye uwanja wa mbio.

Wenye STI za Japani, zile WRX zenye nguvu zaidi, wana jambo jingine la kuangalia. Nyingi za kizazi cha mwaka 2003 na kuendelea zina turbo ya kampuni ya IHI yenye njia mbili za moshi, na manifoldi yake, mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini, imetenganisha silinda jozi kwa jozi. Mpangilio huo unaiamsha turbo mapema. Ukifunga turbo ya njia moja unalazimika kubadilisha manifoldi na bomba la kupandishia moshi, na unaupoteza ule uzuri uliokuwa nao. Kwa magari hayo ushauri wangu ni kutafuta turbo kubwa kidogo ya njia mbili, hata kama itachukua muda kuipata.

Upande wa petroli, magari haya yalipangiwa mafuta ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kawaida ni oktani 100 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili presha bila kulipuka yenyewe). Kwenye vituo vyetu vya kawaida unapata pungufu ya hapo. Oktani ikipungua, hewa moto ikiongezeka na presha ikipanda, petroli inalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Pistoni za kiwandani za injini hizi huvunjika kwenye kingo zinazoshika ringi, na ndipo unaposikia mtu akisema injini imenoki. Turbo inayofanya kazi katikati ya ramani yake hutoa hewa yenye joto la chini, na hapo ndipo ukubwa sahihi wa turbo unailinda injini kuliko kifaa chochote cha kuongeza baadaye. Kwa farasi 300 panga pia nozeli za kunyunyizia petroli za karibu cc 550 kwa dakika, na pampu ya petroli ya lita 255 kwa saa. Klachi ya kawaida itaanza kuteleza. Giaboksi ya gia tano ya WRX haipendi kuondoka kwa fujo, ile ya gia sita ya STI ni imara zaidi. Breki na matairi vitangulie vyote hivi.

Kwenye kununua, tembea na macho yako. Kirinyaga Road na mitandaoni kuna turbo mpya za bei ya kutupa zilizoandikwa 16G au 20G ambazo hazina ramani, hazina karatasi ya upimaji wa mizani ya shafti, na muuzaji hajui hata ukubwa wa tundu la tabini. Mimi huziacha. Ningechukua iliyotumika kutoka Japani iliyo safi kuliko mpya isiyo na asili. Ukiikagua iliyotumika, toa bomba la hewa na utazame ncha za mabapa ya kompresa kwa tochi. Zikiwa zimekatikakatika au zimelika kama zilizopigwa msasa, zilikula vumbi. Kisha shika nati ya katikati kwa vidole viwili. Kuchezacheza kidogo upande kwa upande ni kawaida kwa turbo ya beringi za oili ikiwa kavu. Ivute kwako na uisukume mbali nawe: hapo usisikie mchezo wowote. Ukisikia kimlio kidogo cha tik, rudisha turbo mezani na umshukuru muuzaji.

Ukishaipata, kuna boliti moja ya kuishughulikia kabla ya kufunga chochote. Injini nyingi za EJ zenye turbo zinapeleka oili kwenye turbo kupitia boliti yenye tundu katikati, na ndani yake kumefichwa kichujio kidogo cha wavu, chembamba kuliko ncha ya kidole. Magari yaliyochelewesha sevisi yana wavu huo umejaa uchafu mweusi mgumu. Turbo mpya ikifungwa hapo inakosa oili na kufa mapema, na lawama zinamwendea aliyeiuza. Safisha au badilisha boliti hiyo, fungua karteri, bakuli la oili chini ya injini, uangalie kama kuna chembe za chuma, kisha ubadilishe oili kila kilomita 5,000 bila kuahirisha. Kichujio cha hewa kiwe ndani ya boksi lililofungwa. Kile cha wazi kinachokaa karibu na injini kinavuta hewa moto na vumbi la barabara zetu.

Siku ya kuwasha, chomoa waya wa koili na upige stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo uunganishe na kuwasha. Endesha kwa presha ya chini ya westigeti, mlango unaopitisha moshi kando ya tabini ili presha isizidi, mpaka fundi asome rekodi za kompyuta kwenye mwinuko, gia ya tatu, na kuona mchanganyiko wa petroli uko sawa na injini haigongi.

Na mwambie fundi huyo kama Desemba huwa unashuka Mombasa. Gari lililopangwa Nairobi kwa bari 1.2 za geji, likidhibitiwa kwa valvu ya presha inayorekebishwa kwa mkono, litashuka na hiyo 1.2 yake mpaka pwani. Huku lilikuwa linakula jumla ya bari 2, kule litakula 2.2, kwenye joto la pwani na kwa nozeli zilizokuwa tayari karibu na mwisho wake. Mwambie apange presha kwa kipimo cha jumla, au akuhifadhie programu ya pili ya pwani. Kama gari lina valvu ya mkono, irudishe chini kabla hujafika Voi.