Kabla ya kuuliza unene wa lami: kuandaa ukarabati wa barabara kuu ya jiji

Barabara kuu ya jiji ikichakaa, kikao cha kwanza huanza na swali lilelile: tuweke lami ya unene gani? Swali hilo lisubiri. Maji yanakwenda wapi? Malori yanasimama wapi? Chini kumepita mabomba ya nani? Ukimwaga milimita 50 za lami mpya kabla ya kujibu hayo, masika ya pili yatafukua mashimo yaleyale, mahali palepale.

Tuchukue Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, inayotoka upande wa bandari, ikapita Tazara na Buguruni hadi Ubungo. Ina karibu kila tatizo la barabara ya jiji: makontena ya kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, daladala, bajaji, umati wa watembea kwa miguu, na sehemu za mabondeni zinazopokea maji ya mitaa ya juu.

Anza kwa miguu, ukiwa na rangi ya kupuliza na fomu, ukiandika kila mita 50, kila njia peke yake. Nyufa za ngozi ya mamba kwenye mapito ya magurudumu zinaonyesha tabaka za chini zimechoka au zimelowa. Mapito yaliyobonyea huku lami imevimba pembeni yanaonyesha lami yenyewe ni laini. Yakibonyea kwa upana bila uvimbe wa pembeni, tatizo liko kwenye msingi au kwenye udongo. Shimo linalozibwa kila mwaka na kurudi lina maji chini yake. Ukikuta unyevu wakati wa kiangazi, pima klorini kwa vidonge vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea; ikionekana, kuna bomba la maji safi linavuja. Isipoonekana usihitimishe bado, maana klorini hupotea maji yakikaa ardhini. Pita tena mvua kubwa ikinyesha. Nusu saa ya mvua itakuonyesha mambo ambayo michoro ya zamani haina.

Kisha chimba. DCP, ile fimbo ya chuma inayopigwa kwa nyundo ya kilo 8, ipigwe kila mita 100 hadi 200 kwa kupokezana kushoto, katikati na kulia, mara tu baada ya masika, udongo ukiwa dhaifu kuliko wakati wowote. Ikizama zaidi ya milimita 30 kwa pigo moja, CBR ya hapo, yaani kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, iko chini ya takriban 8, na lami ya juu haitaokoa kitu. Kwenye nyufa, choronga lami utoe sampuli uone ufa umeanzia wapi. Ukiwa umeanzia juu na kuishia milimita 40, kukwangua 50 na kurudishia kunatosha. Ukiwa umepanda kutoka chini, tabaka jipya litapasuka kwa kufuata ufa uleule. Wengi huruka kipimo hiki kwa kuogopa gharama, kisha hulipia kosa kwa kilomita nzima.

Magari yahesabiwe siku 7 mfululizo, angalau siku 2 kati ya hizo kwa saa 24: moja ya kazi, moja ya wikiendi. Muhimu zaidi ni uzito wa kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, na upimwe kwa kila upande, kwa sababu malori yanayotoka bandarini yamejaa na mengi ya yanayorudi ni matupu. Uharibifu hupanda kwa kipeo cha karibu 4.5 cha uzito. Ukilinganisha na ekseli ya kipimo ya tani 8.16, ekseli ya tani 10 huharibu mara 2.5, na ya tani 13 mara 8. Malori 800 kwa siku, kila moja likiwa na uharibifu wa ekseli 5 za kipimo, ni ekseli milioni 1.46 kwa mwaka. Kwa ukuaji wa asilimia 5, miaka 20 inakupa karibu milioni 48. Ukitumia wastani wa pande mbili, upande wa mzigo utakufa mapema na ule mwingine utakuwa umejengwa kupita kiasi.

Mita 100 hadi 150 kabla ya taa au mzunguko zisanifiwe peke yake. Lori lililosimama juani hukandamiza lami kwa dakika nzima, wakati lori linalokimbia hupita kwa sehemu ya sekunde. Hapo tumia lami ngumu iliyoongezwa polima, au zege. Njia za mabasi ya mwendokasi za Barabara ya Morogoro, zilizoanza kutumika 2016, ni za zege. Basi zito linalofuata mstari uleule siku nzima hubonyeza lami ya kawaida. Vituo vya daladala navyo vinastahili zege, kwani dizeli inayodondoka huyeyusha lami.

Sasa maji, na hapa ndipo pesa ziende kwanza. Hekta 1 ya mji uliosakafiwa, kwenye mvua ya milimita 100 kwa saa, hutoa karibu lita 220 kwa sekunde. Bomba la milimita 600 lenye mteremko wa asilimia 0.5 hupitisha takriban lita 430 likiwa safi, yaani hekta 2 tu. Likijaa mchanga na chupa za plastiki hadi katikati, halifikishi hata nusu ya hizo. Kwa hiyo usisanifu mtaro kwa hesabu ya maji ya barabara peke yake. Hesabu mitaa yote inayomwaga kwako, kisha jiulize ni nani atakayesafisha na kwa chombo gani. Mtaro wenye mifuniko inayonyanyuliwa na watu wawili husafishwa. Bomba jembamba lililozikwa husahaulika. Mdomo wa kutokea maji ukaguliwe hadi mtoni. Bonde la Msimbazi pale Jangwani linaonyesha kinachotokea mto ukijaa: maji hukosa pa kwenda hata kama mtaro wako hauna kasoro.

Kosa moja linalojirudia ni kuweka tabaka jipya juu ya la zamani bila kukwangua. Jiwe la ukingo lina kimo cha milimita 150; tabaka 2 za milimita 50 zinabakiza 50, na maji yanaingia madukani. Chora usawa mpya wa barabara ukiwa na vimo vya vizingiti vya milango, vifuniko vya chemba na viingilio vya nyumba mezani.

Kuhusu mabomba na nyaya, barua pekee hazitoshi. Waite DAWASA wa maji, TANESCO wa umeme na kampuni za simu mtembee pamoja, kisha chimba mitaro ya uchunguzi kwa mkono, kukatiza barabara. Jembe la mashine lisiguse hapo. Kwenye kila makutano zika mabomba matupu manne au zaidi ya milimita 110, kina cha mita 1, yakiwa yamezibwa midomo na kuwekewa alama. Bila hayo, lami mpya hukatwa miezi michache baadaye kwa sababu mteja mpya wa maji hana pa kupitishia bomba lake, na kile kiraka hakishindiliwi kama kilivyoshindiliwa mwanzo.

Hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake, nayo ithibitishwe mapema. Sheria ya Barabara ya 2007 inatoa mita 30 kila upande kwa barabara kuu na za mkoa, na zamani zilikuwa 22.5. Tofauti hiyo ya mita 7.5 ndiyo yenye hoja ya fidia, na fidia ikichelewa mradi wote unasimama.

Kivuko kiwe pale watu wanapovuka leo, hata kama mchoro ungependa kwingine. Njia ya miguu isipungue mita 2 zilizo wazi. Nguzo ya umeme ikisimama katikati, watu watashuka barabarani pamoja na watoto wao.

Kwenye hesabu ya gharama, kilomita 1 yenye upana wa mita 14 na unene wa milimita 50 hula mita za ujazo 700, karibu tani 1,680 za lami. Viraka ulivyohesabu Juni vitakuwa vimeongezeka mkandarasi atakapofika, kwa hiyo kagua upya kabla ya kusaini. Kazi ya mitaro ianze masika yakiisha, ijengwe kutoka kwenye mdomo wa kutokea kwenda juu, na chemba ya mwisho ifunikwe kabla ya vuli ya Oktoba. Mkandarasi akianzia juu, mvua ya kwanza itajaza tope kila alichochimba.